KUNGURU WALIKUFA KWANZA
Khabari za ugonjwa wa ndege uenezwao na mbu



Asubuhi moja watoto wawili wa chuo chetu walikuja wakimvuta kunguru mfu mchangani, wamemfunga uzi mguuni mfano wa gari la kuchezea, na wenziwao wanawafuata nyuma kwa vicheko. Tukawaamrisha wamwache na wakanawe kwa sabuni, nasi tukamfukia yule ndege nyuma ya ua. Baada ya somo mmoja wao, kijana wa miaka kumi na mmoja, akatuuliza: "Maalim, kunguru naye huumwa nini hata akafa?" Tulimpa jibu la haraka, akaenda zake. Usiku tulipokumbuka swali lake tukaona ya kuwa hatukumjibu.

Ndugu wasomaji, sisi si madaktari wala si wataalamu wa viumbe. Elimu yetu ni ya chuo cha Kurani na ya skuli ya msingi. Lakini mwalimu aulizwaye na mtoto hana ruhusa ya kunyamaza. Hapana budi atafute. Basi tumewauliza wajuao na tumesoma yaliyoandikwa, na haya tunayoyaleta mbele yenu leo ndiyo tuliyoyapata. Hatusemi kwamba kunguru yule wa watoto wetu aliuawa na ugonjwa huu. Kunguru hupigwa mawe, hutegewa sumu, na huzeeka. Twasema tu kwamba swali la mtoto lilitufikisha kwenye khabari iliyo kubwa kuliko tulivyodhani, khabari iliyoanza kuandikwa hapa hapa kwetu Afrika Mashariki, kisha ikaishia kwenye miji mikubwa ya ng'ambo.

ULIKOJULIKANA KWANZA

Katika mwezi wa Disemba mwaka wa 1937, wachunguzi wa taasisi ya homa ya manjano iliyokuwako Entebbe, Uganda, walikuwa wakizunguka katika wilaya ya West Nile, yaani Nili ya Magharibi, wakipima damu za watu. Walikuwa wakitafuta homa ya manjano. Mahali paitwapo Omogo walimkuta mwanamke mmoja mwenye homa, wakachukua damu yake kidogo na kuwadunga panya weupe. Panya wale wakaugua ubongo. Walipochunguza zaidi waliona kwamba kilichowaua panya sicho cha homa ya manjano, bali ni kirusi kingine ambacho hakijapata kuandikwa na mtu. Mwaka wa 1940 bwana Smithburn na wenzake watatu walitangaza khabari zake, na kirusi kikaitwa kwa jina la wilaya ile.

Basi hivyo ndivyo ugonjwa huu ulivyopata jina: homa ya Nili ya Magharibi. Yafaa ijulikane kwamba kuandikwa si kuzaliwa. Ugonjwa ulikuwako zamani, ukiruka na ndege na kuumwa na mbu, wala hapana aliyejua. Na watu wa wilaya ile hawana kosa lolote kwa jina hilo. Wao walipatikana tu pale ambapo watu wa kwanza walikwenda kutazama.

DESTURI YA UGONJWA HUU

Maskani hasa ya virusi hivi ni ndege. Mbu jike humuuma ndege mwenye virusi katika damu, akavinyonya. Ndani ya mwili wa mbu virusi huongezeka kwa siku kadhaa, vikapanda mpaka kwenye mate yake. Hapo tena mbu akimuuma ndege mwingine, humwachia virusi pamoja na mate. Ndege wa pili naye huwapa mbu wengine, na duara likaendelea: ndege, mbu, ndege, mbu. Mbu wanaofanya kazi hii zaidi ni jamii ya kuleksi, ndio hawa watuimbiao masikioni usiku, wazaliwao katika makaro, mashimo ya choo, mitaro na vyombo vya maji yaliyokaa.

Ama mtu na farasi, wao huingia katika khabari hii kwa ajali. Mbu aliyemnyonya ndege humuuma mtu, mtu akaugua. Lakini damu ya mtu haipati virusi vingi vya kutosha kumwambukiza mbu mwingine. Kwa hiyo mtu ni mwisho wa njia. Ugonjwa huu hauambukizi kwa kukaa pamoja, wala kwa kula sahani moja, wala kwa kupeana mikono. Haifai hata kidogo kumtenga mgonjwa wake. Njia moja ya hatari iliyoonekana kati ya mtu na mtu ni kutiwa damu au kiungo cha mtu aliyekuwa na virusi naye hajijui. Na kwa sababu hiyo tangu mwaka wa 2003 damu zote zitolewazo huko Marekani hupimwa kwanza.

Waliotuonyesha duara hili waziwazi ni wachunguzi waliofanya kazi katika vijiji vya bonde la Nili, kaskazini ya Misri, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Waliwakamata mbu, wakapima damu za watu, punda, farasi na ndege. Waliona kwamba wenyeji wengi walikwisha kuupata ugonjwa tangu utotoni, ukawapitia kama homa ndogo, na miili yao ikabaki na kinga. Kisha wakawatia virusi kunguru na shomoro, wakaona damu za ndege hao zimejaa virusi, na wengi wao wakafa. Mambo hayo yaliandikwa na kuchapishwa. Twaomba msomaji aishike hapo, maana tutarejea.

YALIYOTOKEA NEW YORK

Tangu majira ya joto ya mwaka wa 1999 yalipoanza, kunguru walikuwa wakianguka na kufa katika mtaa wa Queens wa mji wa New York na sehemu za jirani. Wengine walionekana wakipepesuka kama walevi kabla ya kufa. Watu walishangaa kidogo wakaendelea na shughuli zao. Kunguru ni nani hata aombolezewe?

Mwezi wa Agosti, katika hospitali moja ya mtaa huo huo, daktari Deborah Asnis alipokea wazee walioingia na homa, kisha wakapotewa na fahamu na viungo vyao kulegea. Alipoona wagonjwa wawili wa namna moja hakungoja wa kumi. Tarehe 23 Agosti aliwapigia simu wakuu wa afya wa mji. Damu zikapelekwa kupimwa, na tarehe 3 Septemba ikatangazwa kwamba ugonjwa ni kuvimba kwa ubongo kwa aina ya Saint Louis, ugonjwa wa Marekani unaojulikana siku nyingi, nao pia huenezwa na mbu. Mji ukaanza kunyunyiza dawa.

Wakati huo huo, katika bustani ya wanyama ya Bronx, ndege walikuwa wakifa: heroe, mnandi, tai, bundi mweupe. Aliyekuwa na kazi ya kuchunguza mizoga yao ni bibi Tracey McNamara, daktari wa wanyama. Alipofungua vichwa vya ndege aliona ubongo umevuja damu. Akafikiri kama afikirivyo mwenye kuijua kazi yake. Akasema: ugonjwa wa Saint Louis huishi ndani ya ndege wa Marekani wala hauwaui, basi hiki kinachowaua ndege wangu si hicho. Tena akasema: kuna ugonjwa mwingine wa Marekani, unaoua farasi na ndege, lakini kama ni huo, ndege wakubwa wa Australia waitwao emu ndio wangekufa mwanzo, nao ni wazima kabisa. Basi hiki ni kitu cha tatu. Na kwa kuwa watu na ndege wanaugua ubongo katika mji mmoja, wakati mmoja, yumkini ni ugonjwa mmoja.

Bibi huyu aliwapigia simu madaktari wa watu, akawaeleza. Lakini huko kuna mlango wa watu na mlango wa wanyama, na mwenye kubisha mlango usio wake husubirishwa. Hakukata tamaa. Alituma vipande vya mizoga yake kwenye maabara ya wanyama ya serikali na kwenye maabara ya jeshi, mpaka jibu likapatikana. Tarehe 27 Septemba ikatangazwa kwamba ndege na watu wameuawa na kitu kimoja, nacho ni cha jamii ya kirusi cha Nili ya Magharibi, ambacho hakijapata kuonekana katika bara la Amerika tangu dunia kuumbwa. Mwaka huo watu 62 waliugua ugonjwa mzito, na 7 wakafa.

Tusiwaonee watu. Kwa bahati njema magonjwa yote mawili huletwa na mbu, basi dawa iliyonyunyizwa kwa kumdhania mmoja ilimpiga na mwingine. Lakini laiti kunguru wale wa mwanzo wangaliulizwa kifo chao, huenda mbu wangalianza kupigwa kabla mzee wa kwanza hajaingia hospitali. Na laiti kile kitabu cha Misri cha miaka arubaini na kitu nyuma, kilichoeleza kwamba kirusi hiki huua kunguru, kingalikuwa mkononi mwa waliotazama damu za watu! Elimu ilikuwako. Ila nusu yake ilikuwa kwa waganga wa wanyama na nusu kwa waganga wa watu, na baina yao ukuta.

Watoto wetu wote wanakijua kisa cha mwana wa Adamu aliyemwua nduguye, akawa hajui la kuufanyia mwili wake mpaka alipomwona kunguru akifukua ardhi. Mtu mwenye akili alifunzwa na ndege asiyethaminiwa. Nasi twaona kwamba huko New York kunguru waliwafunza watu mara nyingine. Tangu mwaka wa 2000 wakuu wa afya wa huko waliwataka wananchi wapige simu kila waonapo kunguru aliyekufa, na hesabu ya mizoga ikawa ramani ya kuonyesha ni mtaa gani watu watakaougua baadaye.

NUKTA MOJA

Sasa twafika kwenye jambo lililotushughulisha kuliko yote. Kama ugonjwa huu ulipita Afrika kwa miaka mingi pasipo kusikika maangamizi ya ndege, kwa nini ulipofika Amerika kunguru walikufa kama nzi?

Kila mwalimu wa chuo anaijua thamani ya nukta. Mtoto akiandika ubaoni herufi ya be, nukta yake moja huwa chini. Akiikosea akatia nukta mbili juu, be imegeuka te, na neno zima limekuwa jingine. Kirusi nacho kina maandiko yake. Maandiko ya kirusi hiki ni herufi karibu 11,000, zilizoandikwa kwa aina nne tu za herufi, na humo ndimo mlimo amri zote za namna ya kujijenga na kuongezeka. Kila kirusi kinapozaa, maandiko hayo hunakiliwa. Lakini mnakili wake ni mzembe, hana mwalimu wa kumsahihisha, basi makosa huingia kila siku. Makosa mengi hukiharibu kirusi chenyewe kikafa. Mengine hayana faida wala hasara. Mara chache kosa moja huleta nguvu mpya, na kirusi chenye kosa hilo huwashinda wenzake na kuenea.

Wataalamu walilinganisha maandiko ya kirusi cha New York na ya virusi vya nchi nyingine. Nduguye wa karibu kabisa alikuwa kirusi kilichotolewa kwa bata bukini aliyekufa huko Israel mwaka wa 1998. Jamaa yake mwingine wa karibu alikuwa kirusi kilichopatikana ndani ya mbu nchini Kenya mwaka ule ule wa 1998. Ndipo wakajaribu: kunguru wa Amerika waliotiwa kirusi cha New York walikufa wote, waliotiwa kile cha Kenya wengi walipona. Jamaa wawili, lakini mmoja muuaji na mwingine mpole.

Mwaka wa 2007 Aaron Brault na wenzake walitangaza sababu. Katika sehemu moja ya maandiko, mahali pa 249 pa protini moja ya kirusi, palikuwa na tofauti ndogo. Walichukua kirusi cha Kenya wakakibadilisha mahali hapo tu, kama mtu aongezaye nukta. Kirusi kilichokuwa kipole kikawa kinaua kunguru kama kile cha New York. Wakafanya na kinyume chake: wakakirudisha cha New York mahali hapo kuwa kama cha Kenya, nacho ukali ukampungua. Zaidi ya hayo wakaona kwamba badiliko hilo limetokea zaidi ya mara moja, katika zama mbalimbali na nchi mbalimbali, kila moja peke yake.

Mtu atauliza: kirusi kinapata faida gani kumwua mwenyeji wake? Jawabu ni kwamba faida haimo katika kuua. Badiliko lile humfanya kunguru awe na virusi vingi mno katika damu, na damu hiyo huwaambukiza mbu wengi katika siku chache kabla ndege hajafa. Kifo cha kunguru ni hasara ya kunguru. Kirusi kimekwisha kupanda chombo kingine.

Wala mabadiliko hayakusimama hapo. Kabla ya mwaka wa 2002 kumalizika palizuka Marekani nasaba mpya ya kirusi, yenye badiliko jingine dogo katika ganda lake la nje. Nasaba hii huwahi kufika kwenye mate ya mbu siku chache mapema kuliko ile ya kwanza, na joto likizidi huwahi zaidi. Mbu maisha yake ni mafupi. Siku mbili tatu kwake ni jambo kubwa. Kwa muda wa miaka michache nasaba mpya iliiondoa ile ya 1999 ikashika mahali pake.

SAFARI YAKE

Wakati wa baridi ya kwanza wengi walitumaini kwamba ugonjwa utakufa pamoja na mbu. Lakini mwanzoni mwa mwaka wa 2000 virusi vilipatikana ndani ya mbu waliojificha na baridi mtaani Queens. Joto liliporudi, ugonjwa ukaamka. Mwaka wa 2001 ulionekana kwa ndege wa Kanada. Mwaka wa 2002 watu 4,156 waliandikwa kuugua huko Marekani na 284 wakafa. Mwaka wa 2003 waliandikwa 9,862 na wakafa 264. Kufika mwaka wa 2004 ulikwisha kuenea California, upande wa bahari ya pili. Miaka mitano tu kuvuka bara zima, ukibebwa na ndege na mbu wao! Mwaka wa 2006 ulipatikana kwa farasi wa Argentina. Na mwaka wa 2012, uliokuwa na joto kali, watu 5,674 waliugua Marekani na 286 wakafa.

Ndege nao walilipa. Zaidi ya aina 300 za ndege zimepatikana na kirusi hiki huko. Uchunguzi uliotangazwa mwaka wa 2007 ulionyesha kwamba katika sehemu nyingine kunguru wa Amerika walipungua kwa asilimia 45. Na kwa ajili ya tai mkubwa wa California aitwaye kondori, ambaye wamebaki wachache sana duniani, ilibidi watu wawadunge chanjo mmoja mmoja.

Ulaya nayo haikuachwa. Mwaka wa 1996 karibu watu 400 waliugua Romania, wengi katika mji wa Bucharest. Walipochunguzwa ilionekana kwamba katika majumba ya ghorofa, waliokaa juu ya vyumba vya chini vilivyojaa maji ndio walioambukizwa zaidi. Bomba lililopasuka chini ya nyumba ndilo lililowafuga mbu.

Tena kuna jambo la ajabu. Kirusi kile cha Uganda cha 1937 na kile cha New York ni wa koo mbili mbalimbali. Ukoo wa Uganda ulidhaniwa hautoki Afrika, mpaka ulipopatikana Hungary mwaka wa 2004 ndani ya mwewe aliyekufa. Mwaka wa 2010 ukoo huo ukawashambulia watu wa kaskazini ya Ugiriki, wakafa 35; na kirusi kilichopatikana kwa mbu wa huko kilikuwa na badiliko mahali pale pale pa 249. Mwaka wa 2018 watu zaidi ya 1,500 waliugua katika nchi za Umoja wa Ulaya.

Nacho kina ndugu mdogo, kirusi cha Usutu, kilichotolewa ndani ya mbu kusini ya Afrika mwaka wa 1959 na kuitwa kwa jina la mto wa huko. Miaka mingi hakikumshughulisha mtu. Mwaka wa 2001 ndege weusi waimbao wa bustani za Vienna, Austria, walianza kufa kwa wingi, na aliyewaua akawa ni yeye. Na mizoga iliyohifadhiwa ikaonyesha kwamba alikuwa amekwisha kuua ndege Italia tangu 1996. Mwaka wa 2020 alifika London. Kumbe si kirusi kimoja tu kinachoijua njia hii.

KATIKA MWILI WA MTU

Hatuyasemi haya ili kumtia mtu hofu. Katika kila watu kumi walioumwa na mbu mwenye virusi, wanane hivi hawahisi kitu chochote. Wawili hupata homa, maumivu ya kichwa na viungo, pengine kutapika na vipele, kwa kawaida baina ya siku mbili na siku kumi na nne tangu kuumwa. Mmoja katika 150 ndiye hupatwa na ugonjwa mzito: ubongo au utando wake kuvimba, shingo kukakamaa, kuchanganyikiwa, kutetemeka, au kiungo kupooza. Kati ya hao wazito, mmoja katika kumi hufa, na waliobakia huenda wakaondoka na udhaifu wa muda mrefu. Wazee ndio walio katika hatari zaidi, pamoja na wale ambao miili yao imedhoofishwa na maradhi mengine.

Chanjo ya farasi imepatikana miaka mingi sasa. Ya watu haipo, wala hapana dawa yake maalumu. Mgonjwa husaidiwa tu mpaka mwili ushinde. Kwa hiyo kinga yote imebaki katika kitu kimoja, nacho ni mbu.

NA SISI JE?

Pengine msomaji atasema: hayo ni ya Marekani na Ulaya, sisi tuna malaria yatutoshayo. Twamjibu kwa mambo matatu.

La kwanza, kirusi hiki ni mwenyeji wa Afrika, na huku si kwamba kinalala daima. Mwaka wa 1974, baada ya mvua nyingi, maelfu ya watu waliugua homa yake katika nyika ya Karoo huko Afrika Kusini. Wala si kila homa itupatayo ni malaria. Mtu akipimwa akaonekana hana malaria, na homa inaendelea, shingo inakakamaa au maneno yanampotea, basi asikae nyumbani akibadilisha vidonge vya dukani. Na arudi hospitali upesi.

La pili, mbu wa jamii ile ile anayeneza ugonjwa huu ndiye aliyewaletea watu wa pwani yetu matende na mabusha kwa karne nyingi. Wazee walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Nasi twasema, mdharau mbu naye huota tende, tena tende ya kweli. Watu wa Makunduchi, Unguja, wanalijua jambo hili. Katika mwaka wa 1988 mashimo ya vyoo vya mji wao yalitiwa chembe nyeupe nyepesi za plastiki, mfano wa zile zitiwazo ndani ya maboksi ili vyombo visivunjike. Chembe zilielea zikafunika maji, mbu hawakupata pa kutaga wala wana wao pa kuvuta pumzi. Watu wakapewa na dawa ya kumeza. Mbu wakapungua sana, na ugonjwa ukapungua pamoja nao. Kazi yote hiyo ilifanywa chooni, mahali ambapo hapana mtu apendaye kupazungumza.

La tatu, mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Kirusi kilichokuwa kipole jana chaweza kugeuzwa na nukta moja. Hatuwezi kuzuia nukta hiyo isiandikwe. Hiyo si kazi ya mtu. Lakini tunaweza kupunguza idadi ya mbu wa kuibeba.

Basi kila nyumba na itazame yaliyo mikononi mwake. Mapipa na mitungi ya maji ifunikwe kwa kifuniko kinachokaza au kwa kitambaa kizito. Vifuu, makopo, magurudumu ya gari na vyungu vilivyovunjika visiachwe uani vikapokea mvua. Mashimo ya choo na makaro yafunikwe, na bomba lake la pumzi litiwe wavu. Mtaro ulioziba mbele ya nyumba usingojee mkubwa wa mji. Vijana wa mtaa wakishika majembe siku moja kwa mwezi utapita maji. Wazee walale chini ya chandarua kama watoto walalavyo, maana sisi tuna desturi ya kumpa mtoto chandarua na kumwacha babu yake aliwe. Na ndege mfu asishikwe kwa mkono mtupu. Achukuliwe kwa jembe au mfuko, afukiwe. Wakionekana ndege wengi wamekufa pamoja, aarifiwe bwana mifugo, wala mtu asione haya kwenda kumwambia khabari ya kunguru.

Sisi wenyewe tulipokwisha kuyasoma haya, tulikwenda nyuma ya chuo kutazama pipa la maji ya udhu. Kifuniko chake kilivunjika zamani, na kila wiki tulikuwa tukisema tutakinunua kingine. Tulipoinama tuliona viluwiluwi vya mbu vinacheza ndani kwa mamia. Miaka yote hiyo tumewafundisha watoto usafi huku tumewafugia mbu hatua kumi kutoka mikekani mwao. Tulilimwaga pipa siku ile ile, tukalisugua, na fundi seremala akatutengenezea kifuniko kabla ya adhuhuri.

Yule kijana alikuwa amesimama karibu. Tukamwambia: "Mwanangu, uliuliza kunguru huumwa nini. Sasa njoo tukuonyeshe." Akainama akatazama viluwiluwi vikigaragara juu ya mchanga mkavu, kisha akasema: "Maalim, nyumbani kwetu nako kuna pipa." Tukamruhusu aende wakati ule ule, kabla ya somo kwisha.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.